Mazingira Hayana Jina

"Chora mpaka kwanza!"

Mwalimu Pantaleo alikuwa hajafika hata katikati ya ukumbi, fimbo yake inagonga sakafu, na tayari ameshaanza kelele zake. Tulicheka kama kila siku. Alikuwa na jina la ukoo zuri tu, lakini chuo kizima tulimwita Mzee Mpaka, na wahuni wa viti vya nyuma hawakukosa kumchokoza: "Mzee, mpaka lini?" Naye hujibu bila kugeuka, "Mpaka utakapojua kuuchora, mjinga wewe."

Somo lake lilikuwa themodinamiki tumizi. Jina zito, lakini maana yake ni ya jikoni: joto liko huku, wewe unalitaka kule, je, kulihamisha kutakula nguvu kiasi gani? Kabla ya hesabu yoyote alitaka tuchore mstari uliofungwa. Kilichomo ndani ya mstari kinaitwa mfumo, na hicho unakijali: unakipima, unakipa alama, unakiandikia jina. Kilichobaki nje kinaitwa mazingira. "Mazingira ni makubwa," alizoea kusema. "Unayatupia joto lako wala hayashtuki. Mazingira hayana jina, yana nyuzi za joto tu." Nasi tuliandika hivyo, tukafaulu mitihani.

Mimi hasa ndiye niliyefaulu. Naitwa Limi, na kwa Kisukuma Limi ni jua. Bibi yangu ndiye aliyenipa jina hilo, na mpaka leo huwa namwambia angeniita Mvua ningeolewa mapema. Ukumbini nilikaa na Gervas, kijana mpole wa ndevu chache, aliyekuwa akidesa kwangu tangu mwaka wa kwanza. Alinakili hatua zangu moja baada ya nyingine huku akinong'ona, "Dada Limi, hii inaandikwaje?" Safu ya nyuma yetu ikanakili kwake, ya nyuma yao ikanakili kwao, hata jibu langu likafika ukutani. Mzee Mpaka alijua, akaacha. Alisema ujinga unaoambukiza ndio mbaya, akili ikiambukiza si neno.

Kwa kawaida kudesa ni kosa dogo. Kwetu lilikuwa na uzito, maana majibu yetu hayakuishia kwenye alama.

Mji wa Mwambashi uliishi kwa Bomba Kuu. Bomba lilipita nyumba kwa nyumba, shule, soko, hospitali, likinyonya joto na kulipeleka nje, na bila hilo hakuna ambaye angeiona jioni. Joto hilo lilipaswa kutupwa mahali fulani, na kila siku mtu alipaswa kuamua litupwe wapi na saa ngapi. Sheria ilikataza mashine kuamua jambo linalogusa uhai wa binadamu. Sheria nzuri sana. Ila Mamlaka ya Ubaridi nayo haikutaka binadamu mmoja aamue, kwa sababu mmoja hujulikana, na anayejulikana hushtakiwa. Basi uamuzi ukaletwa chuoni kama zoezi. Kila asubuhi swali linatokea kwenye vishikwambi vyetu, ukumbi mzima unakokotoa, na kengele ya saa sita ikilia, jibu la wengi linakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Hakuna aliyeamua. Ni hesabu tu imetoka.

Wala hatukuona ubaya. Tuliona fahari. Jibu lilikuwa karibu lile lile siku zote, jangwa la chumvi la mashariki ambako hata inzi hakai, na sisi tulijibizana tu juu ya saa ya kulitupa. Lakini wiki ile bomba la mashariki lilipasuka, na asubuhi ile swali likaja na sura mpya.

Pampu inatoa joto katika mfumo ulio kwenye nyuzi ishirini na nne. Joto laweza kutupwa kwenye mazingira A au mazingira B, yenye nyuzi za jana zinazoonekana katika jedwali. Nyuzi za ndani zisibadilike. Tafuta mahali na saa, kati ya saa sita mchana na jua kuzama, ambapo kazi ya pampu itakuwa ndogo kabisa.

"Rahisi," alisema Gervas, akainamia upande wangu. "Anza, dada."

Ilikuwa rahisi kweli. Pampu ni sawa na mtu anayepandisha maji mlimani: mlima ukiwa mfupi, jasho linakuwa dogo. Unatafuta mahali ambapo nyuzi za nje zimekaribia za ndani, unabadilisha zote ziwe kelvini, maana anayesahau kelvini Mzee Mpaka alimwita jina lisiloandikika, kisha unagawanya. Nilichora mpaka. Nikashusha kidole kwenye safu ya A.

Nyuzi zilipanda tangu asubuhi kama za mahali popote. Saa sita, thelathini na nane. Saa saba, thelathini na tisa. Halafu saa nane, wakati jua la nchi yetu halina hata chembe ya huruma, zikashuka hadi thelathini na nne. Saa tisa zikaanza kupanda tena, polepole.

"Kipima joto chao kibovu," alisema Gervas.

Nilirudisha kidole kwenye saa nane, nikaisoma tena.

Kwetu Kasanzwa, bondeni kwenye mbuga, nje kabisa ya Bomba, saa nane ni saa ya kunywesha kuta. Bibi yangu, Bibi Kalunde, ndiye hugonga sufuria. Kila nyumba hutoka na maji yaliyochotwa alfajiri, wakamwagia kuta za udongo kuanzia juu, wakalowesha na mikeka ya milangoni. Wote kwa pamoja, kwa sababu nyumba moja ikinywa peke yake haipoi kitu. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ukuta. Hilo vitabu vyetu vinaliita jotofiche, na Bibi analiita shukrani. "Ukuta nao una kiu," husema. "Mpe maji naye akufunike." Nimekua nikibeba kopo langu dogo nyuma yake. Saa tisa kasoro kijiji kizima hupoa, watoto hulala, na wazee hucheza bao.

Mahali pengine popote ninapopajua nyuzi hazishuki saa nane. A ilikuwa Kasanzwa.

Nikamaliza hesabu kwa sababu sikujua mkono ufanye nini kingine. Jibu likatoka safi: A, saa nane. Ubaridi ambao bibi yangu na jirani zake walikuwa wameutengeneza kwa ndoo ndio hasa ulioita joto la mji mzima, na ungeliita saa ile ile ambayo watoto wamelala.

"A, saa nane," Gervas alisoma, akaanza kunakili.

"Usiandike," nilimwambia.

"Kuna kosa?"

"Usiandike kwanza, Gervas. Nakuomba."

Nikageukia B. Nakiri nilitaka pawe jangwa. Nilitaka kwa moyo wangu wote nipate mahali patupu nipapakie joto hili nirudi kwenye raha zangu. Nyuzi za B zilikuwa za juu, pampu ingehangaika, lakini ingeweza. Nikasoma mpaka chini. Magharibi, jua linapozama na kila jedwali huteremka, nyuzi za B zilipanda kidogo, kisha zikateremka. Nikazitazama sana. Kipi hupasha hewa joto wakati wa magharibi? Watu wanakoka moto. Watu wa B walikuwa wanapika.

Sikuwajua, wala sikujua wanaongea lugha gani. Lakini sikuweza tena kujidanganya kuwa hawapo.

* * *

Mwalimu Pantaleo alikuwa ofisini kwake, chai imepoa mbele yake. Hakushangaa kuniona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Mwalimu, A ni kwetu."

Alifumba macho. "Nimeiona ile saa nane tangu jana usiku waliponiletea swali. Nikajiambia ni hitilafu ya kipima joto." Akasukuma kikombe pembeni. "Nilitaka sana iwe hitilafu, Limi."

"Sasa unajua siyo. Lizuie swali."

"Nikilizuia watalipeleka chuo kingine, na huko hakuna mtoto wa Kasanzwa. Litajibiwa kabla ya saa tano."

"Basi waambie darasa."

Alikuwa mzee kweli. Sikuwahi kuuona uzee wake kwa sababu ya zile kelele. "Nikiwaambia mimi," alisema, "wataniuliza nimejua tangu lini. Wataniuliza na miaka yote ya nyuma. Nimewafundisha watu wazima, mainjinia wa mji huu, kwamba mazingira hayana jina. Nitaanzia wapi?"

Hasira ilinipanda, na wakati huo huo nikamhurumia, na vitu hivyo viwili havikai vizuri kifuani. Alifungua droo akatoa simu yake, maana sisi wanafunzi hatukuruhusiwa simu kabla ya kengele. Akaiweka mezani, akageukia dirisha.

"Piga. Mimi sijakuona."

Kasanzwa nzima ilikuwa na simu moja inayotegemewa, ya Mzee Ndalahwa, na hiyo nayo huzimika jua likishika kasi. Iliita mara nyingi. Kisha nikasikia kuku, nikasikia Mzee Ndalahwa akipaza sauti, na baadaye pumzi za Bibi.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Mwangaluka, Bibi," nilimwamkia kwa Kisukuma. "Ni Limi."

"Mwangaluka, mke mwenzangu! Asubuhi yote hii? Au umemwota babu yako kakurudia wewe badala yangu?" Akacheka kicheko chake cha kukohoa. "Mwache tu. Hajui hata kuchota maji yule."

"Bibi, nisikilize. Ondokeni hapo. Leo, sasa hivi."

"Twende wapi?"

"Juu, kwenye miamba. Popote."

"Kwa jua hili? Tukifika huko mwamba utakuwa unakaanga karanga. Tuna watoto, tuna Mzee Ndalahwa na mguu wake. Ungesema usiku tungekwenda." Sauti yake ikabadilika. "Kuna nini, mjukuu wangu?"

"Kuna joto linakuja."

"Linakuja! Lilikuwa limesafiri?"

"Bibi, siyo utani. Linatoka huku mjini. Kwa bomba."

Nilisikia kuku tena, na mtoto akilia kwa mbali.

"Hili bomba jipya?" aliuliza. "Hili jembamba walilolileta juzi vijana wa kofia? Hawakusema kitu. Sisi tulidhani ni maji." Akasita. "Limi, watoto wamepanga ndoo chini yake tangu jana."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayasikie.

"Haya, usilie," alisema Bibi, ambaye siku zote alisikia. "Joto tunalijua sisi. Leo tutanywesha kuta mara mbili. Nitagonga sufuria saa nane, na saa tisa nigonge tena. Si itasaidia?"

Hapo ndipo elimu yangu yote ilipokaa kooni. Bomba lile jipya lilikuwa jembamba, na ukitaka kupitisha joto jingi kwenye bomba jembamba unalipakia kwenye mvuke. Wangepuliziwa mvuke. Ukuta hupoa kwa sababu maji yake yanaondoka na hewa; hewa ikiwa imeshiba mvuke haipokei tena hata tone. Ungemwagia kisima kizima, ukuta ungebaki umelowa na moto vile vile. Nililijua jambo hilo kwa herufi na kwa tarakimu. Nililijibu mtihanini nikapata alama zote.

"Itasaidia, Bibi," nilisema. "Nywesheni."

"Haya basi. Na wewe kunywa maji, sauti yako imekauka kama..."

Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikuita. Mwalimu Pantaleo alikuwa bado anatazama dirisha.

* * *

Nilisimama juu ya kiti ukumbini. Sijui nilionekanaje, ila waliacha kelele.

Niliwaambia yote: saa nane, sufuria, ndoo chini ya bomba, moshi wa jioni kule B. Nikawaambia kuna jibu la tatu. Kama ukichora mpaka mpana, ukaiingiza A ndani, na B ndani, na sisi ndani, basi hakubaki mazingira. Joto halina pa kutupwa. Linabaki kwetu sote na tunaligawana. Nilikuwa nimeshakokotoa: mji ungepanda kutoka nyuzi ishirini na nne hadi ishirini na tisa kwa siku mbili, hadi bomba la mashariki lizibwe. Tungetoka jasho. Tungelala vibaya.

"Swali limesema nyuzi za ndani zisibadilike," alisema Deogratias, kijana wa viti vya mbele, asiyekuwa mtu mbaya. "Anayejibu hivyo anapata sifuri. Na huu ni muhula wa mwisho."

"Najua."

"Sifuri, Limi. Kwa ajili ya tarakimu moja kwenye jedwali?"

"Kwa ajili ya bibi yangu."

Wengine waliinama. Wengine, Mungu awabariki, walifuta majibu yao hapo hapo nikiona. Niliwahesabu kwa macho, na nikaanza kuamini tunaweza. Jibu langu lilikuwa likifika ukutani kila siku, kwa nini lisifike leo? Njia yake nilikuwa naijua: lazima lipitie kwa Gervas.

Nikashuka kitini. Gervas hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ameshika kichwa.

"Ndugu yangu," nilimwambia. "Anza wewe, wenzako watafuata."

"Dada Limi." Hakuniangalia. "Wewe unajua mke wangu amejifungua."

Nilijua. Nilimpelekea uji. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, njiti, mdogo wa kutosha viganja viwili, na alikuwa wodini kwenye kijumba cha kioo.

"Ile wodi iko mwisho wa Bomba," alisema Gervas. "Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu ya bomba refu: linavyokwenda linazidi kupata joto. Ukipandisha tano hapa, kule mwisho ni kumi na tatu, ni kumi na nne, na kile kijumba chake kinajua kupasha tu, hakijui kupoza. Nimeikokotoa mara tatu. Nilikuwa naomba nimekosea." Akanionyesha kishikwambi chake. Hakuwa amekosea. Hesabu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuidesa kwa mtu. "Ni wa kike. Hata jina hatujampa."

Nilitafuta njia ya kuitenga wodi, valvu, tawi, chochote, na vidole vyangu vilipitia mchoro wote wa Bomba kuanzia mwanzo. Bomba lilikuwa moja. Waliolijenga hawakuwaza kwamba siku moja mtu atataka kumpa mwenzake ubaridi na yeye akae bila.

Ningeweza kumwambia kwamba Kasanzwa kuna watoto pia, tena wengi. Alikuwa anajua. Nilikuwa nimetoka kuwaambia wote. Kama yule wa kioo angekuwa wangu, na wa ndoo wakawa wake, ningeandika nini mimi? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kujiuliza swali lolote la kitabu, na jibu linalonijia silipendi.

"Nisamehe," alisema Gervas. Akaandika A, saa nane, na machozi yake yakadondoka kwenye kioo cha kishikwambi hadi kikakataa kumsikia kidole, ikabidi akifute na mkono wa shati aandike upya.

Safu ya nyuma ikamwona. Ya nyuma yao ikawaona.

Kengele ya saa sita ililia. Ubaoni kukatokea maneno yale ya kila siku: Jibu limepatikana. Hatukushindwa kwa mbali, sisi wa jibu la tatu. Nasema hivyo si kwa kujifariji, haifariji.

Saa nane nilikuwa nimekaa chini, sakafuni, chini ya tundu la hewa la ukumbi. Nikasikia pampu zikivuta pumzi mbali huko chini ya ardhi. Kisha ubaridi ukaja. Ulinipita shingoni, ukashuka mgongoni, ukakausha jasho na machozi, na mwili wangu ukaufurahia. Hilo ndilo ninalolichukia zaidi katika siku yote ile. Moyo ulikuwa Kasanzwa unapasuka, na ngozi ilikuwa inashukuru.

* * *

Asubuhi iliyofuata Mzee Mpaka aliingia bila kelele. Fimbo iligonga sakafu hadi mbele, akasimama, akatutazama. Tulingoja. Hakuna aliyemchokoza. Alifungua mdomo kusema neno lake, akaufunga, akakaa.

Simu ya Mzee Ndalahwa haikuwa imeita tangu jana. Nilikuwa nikijiambia kwamba simu ile ni mbovu siku zote. Nilijiambia Bibi ni mjanja, labda aliwaingiza watu kisimani, labda walikwenda miambani na mikeka vichwani. Mtu asiyejua ana mahali pa kusimama, na mimi nilikuwa nimesimama hapo kwa miguu yote miwili.

Swali likatokea. Bomba la mashariki lilikuwa bado halijazibwa. Mazingira A, mazingira B, nyuzi za jana zinaonekana katika jedwali.

Kabla sijasoma, mkono wa Gervas ulikuja ukafunika kioo changu. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Leo usilifanye hili," alisema. "Nitakufanyia mimi. Wewe pumzika."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea." Hakuuondoa mkono. "Ananyonya kidogo."

"Namshukuru Mungu." Nilikuwa namaanisha. "Toa mkono, Gervas."

"Dada, tafadhali."

"Toa mkono, ndugu yangu."

Akautoa. Nikaweka kidole kwenye safu ya A. Saa sita, arobaini. Saa saba, arobaini na moja. Nikasita hapo, kama mtu mlangoni kwao, nikashusha kidole mstari mmoja.

Saa nane, arobaini na mbili.

Saa tisa, arobaini na mbili na nusu. Nyuzi zilikuwa zimepanda moja kwa moja kutoka asubuhi hadi jioni, bila kuyumba. Kasanzwa nzima, hakuna aliyegonga sufuria. Hakuna aliyetoka na maji.

Nyuma yangu nilimsikia Deogratias akimwambia mwenzake, kwa nia njema kabisa, "Afadhali la leo. Jedwali limenyooka, halina tena ile kona yake ya ajabu."

Sikulia. Nilikuwa nimekauka, kama alivyosema Bibi. Nikatazama kishikwambi, kilichokuwa kinaningoja na agizo lake la kwanza, lile lile la siku zote: Bainisha mazingira. Hapo huandikwa neno moja na tarakimu: hewa, nyuzi kadhaa. Nilikuwa nimejaza pengo hilo mamia ya mara bila kufikiri.

Nikaandika: Kalunde binti Mihambo.

Kioo kikawaka chekundu. Jibu halitambuliki. Andika nyuzi.

Nikashuka mstari mmoja nikaandika: Ndalahwa. Halafu mkewe, Nyanjige. Halafu wale watoto wa ndoo, nikianza na Holo, mwenye pengo, aliyekuwa akipenda kubeba kopo langu la zamani. Kila jina kioo kiliwaka, na kila kilipowaka nilishuka mstari. Mzee Mpaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakunizuia.

Gervas akasogeza kiti. Akakaa vile alivyokaa tangu mwaka wa kwanza, bega lake karibu na langu, akafungua ukurasa wake mtupu. Safu ya nyuma yetu ilikuwa imeinama mbele inatazama. Alinakili jina la kwanza, polepole, herufi kwa herufi. Akafika la tatu akakwama.

"Dada Limi," alinong'ona. "Hili linaandikwaje?"